Usukani wa Papa Mwansa

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Liège, Ulaya, mkuu wa karakana, ambaye sote tulimwita Chef, alinikabidhi mswaki wa meno na kigari cha mfano chenye urefu wa kiganja. Nilikuwa nimetoka Lubumbashi na diploma ya ufundi wa magari ya kweli, nikadhani ananitania. Akasema nisioshe kitu kabla sijamweleza ni nani aliyewahi kukishika. Nilikigeuzageuza asubuhi nzima. Mchana nikamwonyesha alama za meno kwenye bampa, meno ya mtoto. Chef akaridhika. “Basi hiyo bampa hatuigusi,” akasema.

Nalianzia hilo kwa sababu siku hizi mjini kwetu kijana ananunua kopo la rangi ya kupuliza, anakifunika kigari cha okazyo, yaani kilichokwisha tumiwa na wengine, kisha anajiita fundi. Linaniudhi. Mimi nilikwenda Ulaya bila mjomba wala padri wa kunishika mkono, nikachukua diploma ya pili nikiwa nafagia ofisi za watu jioni, na nikarudi nyumbani kwa hiari yangu. Nina haki ya kuudhika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kigari cha chuma hufungwa kwa riveti, pini ndogo zilizopondwa vichwa chini ya chasi. Unazitoboa taratibu, unatenganisha karoseri, ambayo ni mwili wa nje, na viti na ekseli. Rangi iliyokufa unaiondoa kwa dawa na mswaki, unapiga apre, rangi ya chini inayoishika ile ya juu, unangoja ikauke kabisa, kisha unapiga rangi kwa tabaka nyembamba. Asiyejua kungoja aende akauze soda. Mikono yangu ilikuwa inajua kungoja, na Chef mwenyewe alikuwa akiwaita wageni waje kuitazama.

Niliporudi Lubumbashi niliajiriwa na bwana mmoja aliyeuza magari ya mfano kwa mainjinia wa migodi. Alitaka aitwe Mkurugenzi, ingawa tulikuwa wanne tu. Alikuwa na kabati la vioo lenye taa ndani, na kwake kigari kizuri kilikuwa kile kinachong'aa humo. Nilimvumilia kwa miaka. Kisha akaja Mama Clémentine.

Alikuwa mwalimu, mkaaji wa mtaa wa Makomeno. Alileta 404 ndogo ya bashe, pikapu ile yenye turubai nyuma, imefungwa ndani ya kitambaa. Marehemu baba yake, Papa Mwansa, alikuwa akisafirisha samaki kutoka Kasenga kwa gari la namna hiyo. Baada ya kilio, baba wadogo waligawana vitu vyote, gari la kweli kwanza, na kigari kikaenda na sanduku la vikorokoro. Mama Clémentine alikikuta sokoni, juu ya meza ya mtu, kati ya vitasa na chaja za simu. Kioo cha mbele hakipo, ekseli imepinda, rangi ya buluu imebanduka. Hakuwa na kitu kingine cha baba yake.

Nikamuuliza kama Chef alivyonifundisha: nani alikishika? Kwa maana nilikuwa nimeona jambo. Usukani ulikuwa upande wa kuume, na kwetu magari hupita kuume mwa barabara, usukani huwa kushoto. Tundu lake la kiwandani, la kushoto, lilikuwa limezibwa kwa lehemu, na usukani umesimama juu ya ndoana ya samaki iliyonyooshwa.

“Ni papa njo alitiaka,” akasema. “Motokari yake aliitoshaka ng'ambo, Zambia, volan ilikuwa kuume. Bale bashofere bengine balikuwa banamucheka. Ku kupita kamyo ya mizigo hakuwa anaona mbele, sasa mi nilikuwa nakaa kushoto, mi njo nilikuwa macho yake. Nikisema ‘bado, papa’, anangojea. Nikisema ‘pita, papa’, anapita.”

Nikamwahidi kwamba usukani hautaguswa. Niliahidi mimi, mwenye diploma mbili.

Mkurugenzi alipokiona mezani kwangu alishika kiuno. Nikamweleza habari yote, ya Zambia, ya ndoana, ya binti. Alisikiliza kama mtu anayengoja simu.

“Écoute, monsieur diploma,” akasema. “Hii modeli inatokaka fabriki na volan kushoto. Bantu batasema atelier yangu haijue kazi. Rudisha ku place yake.”

“Patron, mama aliomba kioo, ekseli na rangi. Volan hakuomba.”

“Shi ulisoma Bulaya miaka yote ile kusudi ukuye kulinda ndoana ya samaki?”

Nikamjibu kwamba ndiyo, ni hiyo hasa niliyoisomea. Wenzangu walicheka, yeye hakucheka.

Siku ya Mama Clémentine kurudi, Mkurugenzi alinituma uwanja wa ndege wa Luano kupokea kifurushi cha rangi kilichokuja kwa ndege. Niliporudi kigari kilikuwa ndani ya kabati, chini ya taa. Buluu yangu iling'aa. Usukani ulikuwa kushoto, kwenye kijiti kipya cha plastiki, na upande wa kuume palikuwa laini kama hapajawahi kuwa na mtu. Kabla sijafungua kinywa, Mama Clémentine akaingia.

Mkurugenzi alimkabidhi mwenyewe, kwa mikono miwili, akasema kimekuwa kama kilivyotoka fabriki, kiwandani. Mama alichungulia ndani ya dirisha la kigari. Akakirudisha juu ya meza polepole.

“Mi sikuletaka motokari ya fabriki,” akasema. “Nililetaka ya papa.”

Nilipiga magoti mbele ya pipa la takataka, nikiwa na suti, maana siku za Luano nilivaa suti. Ndoana ilikuwa kati ya majani ya chai na vumbi la msasa. Mkurugenzi alisema nikiigusa nisirudi kesho. Nikamwambia kesho yangu naijua mimi. Nikakaa mezani, mama amesimama begani kwangu, nikatoboa riveti upya, nikafungua tundu la kuume, nikaziba la kushoto. Lehemu ya Papa Mwansa ilikuwa imekwanguliwa, hiyo siwezi kuirudisha, na mpaka leo simsamehe mtu yule. Lakini ndoana ilisimama pale pale. Fundi mwingine wa kuifanya kazi hiyo kwa mikono yenye hasira simfahamu.

Nilitoka na zana zangu, nikafungua karakana yangu mwenyewe, na humo nilifanya kazi hadi macho yaliponiambia basi. Sasa nimestaafu. Vijana wanakuja kuniuliza juu ya rangi na pistole za kupulizia. Nawauliza kwanza kama wamezungumza na mwenye kigari. Wengi hawajazungumza. Nawarudisha.

Siku ile, kabla hajakifunga ndani ya kitambaa chake, Mama Clémentine alikiinua hadi usawa wa uso, akaliweka jicho lake kwenye dirisha la kushoto, na mbele ya Mkurugenzi na kabati lake la vioo akasema taratibu: “Pita, papa.”