Kopi ya Nne ya Maman Nsimire

Siku ya kwanza ya kazi nilisimama mbele ya biro, ofisi ya serikali, karibu saa nzima, nikiona haya ya kupiga hodi. Mulango ulikuwa wazi. Chef wa biro, mukubwa wetu, alikuwa ananitazama muda wote ule, na mwisho akaniuliza, "Mutoto, unangojea nani akufungulie?"

Ninaandika haya kwa wadogo zangu wa section ya biashara, wale wanaofundishwa kupiga mashine ya kuandika, ili wajue namna kazi ilifanyika wakati wa vita. Nilifanya kazi miezi kumi na moja. Najua si mingi. Lakini masomo yalikuwa yamefungwa, mashine ilikuwa moja, na mwenye kuijua nilikuwa mimi, mwenye miaka kumi na sita. Kwanza waliniweka kwenye register ya wageni. Halafu wakanipeleka kwenye arshive, chumba cha kutunzia karatasi, chini ya muzee mumoja aliyejua kulala akiwa amekaa wima na kalamu mukononi. Mwishoni nikapandishwa kwenye mashine, chini ya Chef mwenyewe.

Biro yetu ilikuwa Nyawera, juu kidogo ya soko, na kazi yake ilikuwa kutoa ruhusa ya pekee ya kuweka silaha zilizokatazwa. Bunduki ya kuwinda ilikuwa na kibali chake cha kawaida. Lakini silaha ya vita, raia hana haki nayo, isipokuwa aandike barua, aeleze sababu, alete namba iliyochongwa kwenye chuma, na wakubwa wakubali. Sasa mufikirie Bukavu ya wakati ule. Bunduki zilipita mbele ya dirisha letu toka asubuhi mpaka jioni, na hakuna hata moja iliyoingia kuomba karatasi. Miezi yote ile tulipokea maombi sita. Chef alivaa kravate, tai ya shingoni, kila siku kwa kuyangojea.

La sita lilikuwa la Maman Nsimire wa mutaa wa Muhumba, mujane, mwalimu wa zamani. Bwana yake alimuachia nyumba, vijana wawili, na bunduki ya zamani ya vita ndani ya blanketi.

"Maman," Chef akamuuliza, "kwa nini usiirudishe tu kwa wakubwa?"

"We, Papa Chef! Mutu akirudisha bunduki moja, wanamuuliza ile ingine iko wapi."

"Basi uitupe mu ziwa."

"Nipite nayo barrière ngapi za askari mbele ya kufika kwa ziwa?"

Chef akatengeneza kravate yake. Siku zile askari walikuwa wanapekua Muhumba nyumba kwa nyumba. Wakikuta bunduki bila karatasi, vijana wa Maman Nsimire wangeitwa Mai-Mai, wapiganaji wa musituni, palepale, na wengi walioitwa vile hatukuwaona tena. Maman hakuwa na haja ya bunduki. Alikuwa na haja ya watoto wake.

Ruhusa iliandikwa mara moja kwa karatasi nne. Kati ya karatasi na karatasi unaweka karboni, ile nyeusi ya kuchafua vidole, upande wa wino ukitazama chini, ili herufi unayopiga juu ishuke mpaka chini. Ya kwanza inakwenda kwa komanda, ya pili kwa usalama, ya tatu kwa arshive. Ya nne, yenye herufi hafifu kuliko zote, ndiyo ya mwenye kuomba. Hivyo ndivyo ilikuwa.

Siku ile Chef alisimama nyuma ya mugongo wangu. Mimi nikitazamwa, mikono inakuwa ya mutu mwingine. Nikapanga karatasi, nikapanga karboni, nikapiga mpaka mwisho bila kupumua. Chef alikuwa na desturi yake: hakuchukua karatasi moja moja, aliinua tu pembe ya chini ya kila moja, akatia signature, akagonga kashe, muhuri wa biro. Maman Nsimire akapewa ya nne ndani ya bahasha. Akatubariki sote, pamoja na muzee wa arshive aliyekuwa amelala.

Alipokwisha kwenda ndipo nikachukua ya tatu niiweke kwenye dosye, faili yake. Mbele yake hakuna neno. Nyuma yake maneno yote yamesimama kinyume, kama yanayoonekana katika kioo. Karboni zote nilikuwa nimezigeuza. Kwa hiyo karatasi ya nne, ambayo haikuwa na kitu chochote chini yake, ilikuwa nyeupe kabisa: signature, kashe, na hewa tupu.

Maman amekwenda na karatasi isiyolinda mutu. Na zaidi, mutu mwingine akiiokota anaweza kuandika juu yake lolote, hata mizinga kumi, na Chef wangu tayari ameikubali.

Ilibidi nimwambie. Alikuwa amekaa hatua mbili toka kwangu. Nikashindwa. Nikaweka karatasi mupya kwenye mashine, nikapiga: "Chef, nina heshima ya kukujulisha kwamba karboni ziligeuka." Nikaiweka mbele yake, nikarudi kukaa. Chef, kwa mazoea, akagonga kwanza kashe ya IMEPOKELEWA. Halafu akasoma. Halafu akasimama na kiti kikaanguka.

Tukaandika ingine haraka. Safari hii alisoma zote nne, mbele na nyuma, hata karboni zenyewe akazinusa. Tukashuka mbio kwa miguu mpaka Muhumba, kravate ikimupiga begani.

Askari walikuwa wamekwisha kufika. Bunduki ilikuwa juu ya meza ya chakula. Vijana wawili wamesimama ukutani, mikono kichwani, na Maman Nsimire amekaa kama mutu anayengojea matokeo ya mutihani. Kaporali alikuwa na karatasi yetu nyeupe mukononi. Alikuwa mudogo, wa umri wangu. Aliigeuza, akaigeuza tena. Akatazama namba kwenye chuma, akatazama karatasi, akarudi kwenye chuma. Ninajua haya inavyokaa kwenye uso wa mutu. Wakati mimi nilikuwa darasani, yeye alikuwa amepewa bunduki.

"Namba zinafanana," akasema.

Akashusha kidole polepole mpaka chini ya karatasi.

"Kashe iko. Signature iko. Ni nani aliandika?"

Chef akafungua mudomo, na mimi, sijui kwa nini, nikasema, "Ni mimi, Kaporali."

Akanitazama kwa heshima. "Umeandika vizuri. Haina hata faute moja, hata kosa dogo." Akairudisha kwa Maman. "Bachia bao bana," akaambia wenzake, yaani wawaachie wale watoto, na vijana wakashusha mikono.

Walipovuka geti, Chef alichukua karatasi nyeupe, akaitia kwenye mbabula chini ya sufuria ya maharage, akampa Maman ile mupya. Kisha akaomba maji.

Masomo yamefunguliwa tena, na nimestaafu. Nikijiuliza nilijifunza nini, ni hivi: mutazame karboni mbele ya kupiga, na Chef akisimama nyuma yenu mumuombe akae. Zaidi ya hapo sina hakika. Sijui mpaka leo kama ni maneno yangu yaliyolinda mutu yeyote.

Siku yangu ya mwisho Maman Nsimire alikuja biro na ndizi. Nyumba yake ilikuwa imepekuliwa tena, na adjudant, mukubwa kuliko kaporali, mwenye miwani.

"Alisoma kila neno, mama! Eti kwa nini mujane, eti hii ni saba ao ni moja, eti nani aliona chuma. Alimaliza asubuhi yote. Watoto wangu wako wazima, Mungu asifiwe." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Lakini ile ya kwanza ilipita mbio. Hamuwezi kunifanyia ingine kama ile?"

Miezi kumi na moja sikuwa nimemukatalia mutu neno lolote.

"Hapana, Maman," nikasema, kwa sauti kubwa mpaka muzee wa arshive akaamuka, na Chef akainua kichwa kutazama ni nani amesema.