Tone Moja la Mama Koki

Mama Koki alinijia mara ya kwanza kwa ajili ya mashine ya kukata nyuzi za mabomba, zile za kuungia, niliyoinunua kwenye karakana iliyokuwa ikifungwa. Aliizunguka, akaigusa kwa ncha ya kiatu, akasema imechoka.

"Hata wewe umechoka, dada, na bado unapiga kazi."

"Mimi siuzwi. Punguza, kaka."

Sikupunguza. Nilishamjua kwa sifa: fundi bomba ambaye akimaliza kuunga hafungulii maji yote. Huruhusu kidogo, kisha hupitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Wenye nyumba humwita mzito, lakini hakuna aliyewahi kumrudisha kwa kazi ileile.

Fedha ya mashine alikuwa nayo kwa sarafu za kidijitali, katika pochi iliyo ndani ya simu. Mimi pia nilikuwa nazo, tena akiba yangu yote. Sote tuliingizwa na mtu mmoja: shemeji yake, mdogo wa mumewe, kijana wa viatu vyeupe.

Siku hiyo shemeji alitukuta dukani kwangu na habari mpya. Pochi zetu zimepitwa na wakati. Kuna programu salama zaidi. Ukiipakua, unaiandikia maneno kumi na mawili ya siri yanayofungua pochi yako, na kila kitu kinahamia chenyewe.

"Nani kaijenga?" Mama Koki akauliza.

"Wataalamu, shemeji."

"Hata choo changu kinachovuja kilijengwa na wataalamu."

Nilicheka, lakini niliipakua. Simu yangu huchezewa na watoto wangu wote, na kila mchezo wanaoutaka unaingia humo. Usalama zaidi ulinivutia. Nilipanga kuandika yale maneno nikishafunga duka.

Kabla sijafunga, Mama Koki akarudi, ovaroli imelowa hadi magotini.

"Nina habari ya kukuokoa. Punguza bei robo, nikupe."

"Nionjeshe kwanza."

"Habari haionjwi, kaka. Ukishaijua umeshaila."

Maneno hayo ningeyasema mimi. Nikapunguza, roho ikiniuma.

"Nilifungua pochi nyingine," akasema, "nikatia tone tu la sarafu. Maneno ya hiyo ndiyo niliyoipa programu ya shemeji. Nikaweka simu chini, nikanywa chai. Chai haijaisha, tone limekauka."

Nikaifuta ile programu palepale.

"Na shemeji mwenyewe?"

"Yeye alifungulia koki yote ya akiba yake. Yuko kwangu anatazama ukuta. Kesho anaanza kunibebea mabomba."

Basi Mama Koki alipoteza tone, akaondoka na mashine kwa bei iliyokatwa robo, na mpagazi wa viatu vyeupe juu yake. Mimi nilipoteza robo ya bei, nikabaki na akiba yangu. Tangu nianze biashara sijanunua kitu rahisi kama habari ile, ila sikumwambia. Angedai nusu.