Kelele za Ijumaa Mtoni Nakiumba

Hili ninaloandika hamtaliamini, na sina mpango wa kuwabembeleza. Wapo watu Nachingwea mjini wamelikanyaga daraja lenyewe kwa miguu yao na bado hawaamini. Mtu anaona nguzo, anaona mbao, anaambiwa daraja hili limejengwa na kelele za wanawake, anacheka. Haya, cheka. Mimi naandika, na Mwanaima amekaa hapa kwenye jamvi anapeta ufuta. Kila nikimaliza mstari namsomea, maana ameapa kwamba nikiandika neno asilolisikia atanipikia uji wa muhogo usio na chumvi mpaka siku ya kufa kwangu.

Mwanaima ni mtoto wa dada yangu, tumbo moja. Ninyi mnaotoka mbali mfahamu kwanza jambo hili: kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anazaa, anapenda, ananunua nguo za sikukuu, lakini jambo likiwa zito anaitwa mjomba. Na mjomba wa Mwanaima ni Swalehe, mwanamume mrefu, mwenye mwandiko wa kuwatia makarani aibu, aliyesoma mpaka darasa la nne kasoro miezi miwili, na hiyo miezi miwili kosa lilikuwa la mwalimu. Swalehe huyo ndiye aliyeshika kalamu hii. Akionekana mzuri sana humu ndani, msishangae.

Sasa nimtoe huyo mjomba mbele ya macho yenu, mumwone Mwanaima.

Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyeishi, Hajra. Kwa desturi, mwanamume akioa ndiye anayehamia kwa wakwe, na Mwanaima alikwisha kupima mahali pa kujenga nyumba ya mkwe, karibu kabisa, mahali ambapo mtu akikohoa anasikika. Lakini mkwe aliyempata alikuwa amerithi mikorosho ya mjomba wake ng'ambo ya Mto Nakiumba, upande wa Ruangwa, na mikorosho haihami. Hajra akavuka na kapu lake kichwani, mwezi wa nane, mto ukiwa mchanga mtupu. Hatua sitini. Mwanaima alizihesabu akimsindikiza, akaona si mbali.

Mwezi wa nane kila kitu kinaonekana si mbali. Ilipofika Desemba mvua ikanyesha huko juu, na Nakiumba ukashuka mwekundu umebeba miti mizima. Kuzunguka kwa lori kupitia mjini ni siku mbili, hapo lori lisipozama kwenye matope. Basi wanawake wa pande zote mbili wakajitafutia njia yao. Kila Ijumaa baada ya swala walikutana penye kona, mto unapobana, hawa huku na wale kule, wakapigiana kelele. Walipokezana zamu kama wako kisimani.

Hapo Mwanaima akajifunza kufupisha mapenzi. Maneno marefu maji yanayameza. Alikuwa akiuliza, "Umekula?" na ng'ambo ikajibu, "Nimekula." "Mguu?" "Umepona." Basi, zamu imekwisha, mwingine anasogea. Alirudi nyumbani koo likimwasha, na yale aliyotaka kusema hasa yakarudi naye mazima mazima, kwa kuwa kuna maneno hayapigiwi kelele. Huwezi kupaza sauti mbele ya wanawake ishirini ukasema kwamba asubuhi umepika chakula cha watu wawili kwa kusahau.

Mvua ya Elinino ilipokuja, msimu wa pili wa kelele zile, mwanzo wa mwaka tisini na nane, Hajra akajifungua mtoto wa kiume, Yasini. Kwetu, kitovu kikidondoka, bibi mzaa mama ndiye anayemtoa mtoto nje ya nyumba kwa mara ya kwanza. Anambeba mikononi, anamwonyesha mchana, anamwambia yeye ni wa nani. Ukoo ni wake, mikono ni yake. Lakini kitovu cha Yasini kilidondoka Jumanne, na kitovu hakingoji mto upungue. Aliyemtoa ni mama mkwe wa Hajra, mwanamke mwema kabisa, wa ukoo mwingine.

Ijumaa ile Hajra akaja ukingoni na mtoto. Akamwinua juu. Mwanaima aliona kanga nyekundu. Mtoto hakumwona, aliona kanga. Akanyoosha mikono miwili mbele, juu ya maji yale, kama mtu anayepokea kitu. Kisha akaishusha haraka, akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona. Mjomba wake alimwona. Alinyamaza miaka yote hiyo, leo ameandika.

Jioni ile Mwanaima akaja kwa mjomba, akaketi, akaamkia vizuri, halafu akasema kama mtu anayeomba chumvi:

"Mjomba, nataka daraja."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Akamuuliza kama anataka na reli pia.

"Cheka tu. Hajra atazaa tena. Huyo wa pili nitamtoa nje mimi."

Hakusema zaidi. Wala hakulisahau hata siku moja, na ndiyo maana mpaka kesho nasema mwanamke asiyepiga maneno mengi ni hatari kuliko nyuki.

Wakaandika barua ya maombi. Mwalimu Ildefonsi, mtu wa Songea aliyekuwa akifundisha shule yetu, ndiye aliyechora mistari kwenye karatasi: jina, mkuu wa kaya, sahihi au dole gumba. Kisha akaenda zake kusahihisha madaftari, akamwachia kalamu Swalehe. Wanawake thelathini na saba wakapanga mstari. Kila mmoja alipoulizwa mkuu wa kaya yako nani, hakufikiri mara mbili, alijibu, "Mjomba Swalehe." Nao walisema kweli, wote ni wapwa zake, wengine wa karibu, wengine wa kuhesabia vidole. Na Swalehe akaandika. Akaandika jina lake mara thelathini na saba, kila moja na mkia wake chini ya herufi ya kwanza, na alipomaliza akaishika karatasi mbali kidogo, akaona hajapata kuona karatasi nzuri kama ile.

Ilipelekwa kwenye ofisi moja ambayo jina lake nalimeza. Miezi saba ikapita. Mwanaima akachoka kungoja, akaenda mwenyewe. Karani akaichomoa chini ya mafaili, akaisoma, akamtazama.

"Mama, huyu Swalehe ana wake thelathini na saba?"

Ofisi nzima ikacheka. Karani akaeleza, kwa upole, kwamba barua ya mtu mmoja aliyeandika nyumba zote ni zake haiwezi kwenda mbele. Isitoshe, tangu wilaya ilipogawanywa mto ule umekaa katikati kama mtoto wa watu walioachana, kila mzazi anasema nenda kwa mwenzio. Mwanaima akaomba karatasi yake. Aliikunja ndani ya pindo la kanga, akatembea nayo mpaka nyumbani, na mvua ya kwanza ya mwaka ule ikamlowesha njiani. Alijua maana yake. Yasini alikuwa ameanza kusimama dede, na kutembea atajifunzia ng'ambo.

Mwalimu Ildefonsi alipoona karatasi akashika kichwa. Akasema kosa ni dogo, waandike upya, kila mwanamke ataje mume wake, basi. Wengine wakakubali. Mwanaima akakataa.

"Mwalimu, mume anaweza kupanda baiskeli yake akaondoka. Mjomba anaondoka aende wapi? Nikiandika mume ndiye mkuu, nimesema uongo ili nipate ukweli."

"Sasa mama, utafanyaje?"

"Kama karatasi yetu hawaiamini, tutawapelekea miguu."

Kiangazi kilipofika wakaenda, wanawake thelathini na saba, na Swalehe mbele katika koti lake la harusi. Walipita kijiji cha Naipingo, watu wakidhani ni msiba. Walipofika ofisini hawakugombana na mtu. Waliingia mmoja mmoja, kila mmoja akasimama mbele ya meza, akataja jina lake na la mama yake, akamwonyesha Swalehe kwa mkono, akasema, "Mjomba wangu huyu." Akatoka. Akaingia mwingine. Walipofika wa kumi na mbili karani aliomba maji.

Ndipo akatoka chumba cha nyuma dada mmoja aliyekuwa mgeni pale, Bi Doreen, afisa maendeleo ya jamii. Huyu hakucheka. Alimwita Mwanaima pembeni, akamuuliza mto ukijaa wanafanyaje.

"Tunapiga kelele."

"Mnampigia nani?"

"Watoto wetu."

Bi Doreen akaandika hivyo hivyo kama alivyoambiwa. Akauliza siku gani. Akaambiwa Ijumaa.

Akaja kweli, Februari ya mwaka elfu mbili, na pikipiki iliyosukumwa na watu zaidi ya ilivyojiendesha. Wanawake wamesimama ukingoni, ng'ambo nako wamesimama. Akamwambia Mwanaima afanye kama siku zote. Mambo yake yale ya kufupisha, leo yanatazamwa na mtu wa ofisi. Akatazama maji tu.

Ng'ambo Hajra akaona kuna jambo. Akapaza sauti, "Mama, kimya hicho, nani anaumwa?"

"Hakuna! Kuna mgeni anataka kutusikia!"

Mto ukavuma peke yake. Kisha ikaja sauti nyembamba, ya mtu wa miaka miwili aliyefundishwa kwamba bibi ni kitu cha kupigiwa kelele. "Bibiii." Akangoja. "Bibiii, umekula?"

Mwanaima alijibu amekula. Hakuwa amekula.

Bi Doreen aliuliza mara ya mwisho kumshika mtoto yule ni lini. Akaambiwa Novemba, kabla mto haujajaa. Alivua viatu, akashuka mpaka maji yalipomfika vifundoni, akasimama pale kitambo. Na juu ya barua ile ile aliyopewa na Mwanaima, yenye mikia yote ya Swalehe, akaandika pembeni kwa mkono wake: *Nimehakiki. Kaya ni thelathini na saba, mjomba ni mmoja.* Alipeleka nakala kwa pande zote mbili za mto, na tangu hapo hakuna tena aliyeweza kusema hajui.

Haikuwa haraka, msidhani. Masika mengine mawili yalipita. Mafundi walipima, wakaondoka, wakarudi. Wanawake walisomba mawe na mchanga kwa vichwa, wa huku na wa ng'ambo, na mara ya kwanza wafanyakazi wa pande mbili walipokutana katikati ya mchanga mkavu walianza kuzungumza kwa kelele, kwa mazoea, wamesimama hatua tatu. Hajra alikuwa na mimba tena. Mwanaima alibeba mawe akihesabu miezi. Daraja la kupita kwa miguu, nguzo za zege, mbao juu na kamba za kushikia pembeni, lilikwisha Novemba ya mwaka elfu mbili na moja. Mvua ikaanza wiki iliyofuata.

Februari, saa sita mchana, mtu akaingia uani kwa Mwanaima akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hajra amejifungua. Mtoto wa kike." Mwanaima akamwomba arudie. Habari kutoka ng'ambo ilikuwa haijapata kumfikia kwa sauti ndogo.

Alivuka chini ya mvua. Katikati ya daraja akatazama chini. Aliyaona maji yale kwa chini, yaleyale yaliyokuwa yakimla maneno, yakipita katikati ya mbao kana kwamba hayamjui. Akashika kamba, akasimama, akaendelea. Siku ya tano kitovu kilidondoka. Alimbeba mtoto akamtoa nje, akamwonyesha mchana uliokuwa wa mawingu, akamwambia yeye ni wa nani. Hakupaza sauti. Aliyasema sikioni, na hakuna aliyeyasikia, wala mimi.

Yasini, miaka minne, alimtazama tangu asubuhi. Mwishowe akamvuta kanga. "Bibi, mbona leo unaongea polepole? Bado wewe ndiye wewe?"

Hapo ningeweza kuishia, mkaenda mmefurahi. Lakini Mwanaima anapeta ufuta, na mpeto wake leo una hasira, kwa hiyo niseme lililobaki.

Daraja lipo. Anayetaka kuja anakuja wakati wowote. Na kwa kuwa anaweza kuja wakati wowote, Hajra anasema nitakuja wiki ijayo, palizi ikiisha, korosho zikiisha, mtoto akipona kifua. Mwanaima naye anasema vilevile. Zamani, kabla ya daraja, walisikilizana kila Ijumaa, hata mvua ya mawe ingenyesha. Sasa mwezi unapita, na pale penye kona nyasi zimeota. Hakuna anayepiga kelele. Nani apige kelele, na daraja hili hapa?

Ila Ijumaa, baada ya swala, Mwanaima anaondoka kimya. Havuki. Anasimama palepale pa zamani, anageuza uso ng'ambo, anasikiliza. Mjomba wake amemfuata mara moja, mara mbili, akamwona amesimama tangu mchana mpaka jua likazama, hali, hanywi, analia machozi ya kuujaza Nakiumba wenyewe, mpaka mamba wakatoka majini wakakaa ukingoni wakamwonea huruma, mamba saba, mmoja mkubwa kama lori la korosho, akafungua kinywa na—

"Mjomba. Mto ule haujapata kuwa na mamba. Na silii. Nikienda pale huwa nangoja mtu aniulize kama nimekula."