Bafu la Komisyo na Bafu la Mama

Mume wangu alikuwa akifukuza kuku kwa Kifaransa. Nasema hivi mapema ili mjue ninamsimulia mtu wa namna gani. Alikuwa karani katika Élisabethville, Kongo ya Wabelgiji, miaka ya hamsini, tukikaa mtaa wa Katuba katika nyumba yetu ya matofali, na kitu kimoja tu kilimnyima raha: kadi. Ilikuwa kadi ya serikali ya kuthibitisha kwamba mtu mweusi amestaarabika, yaani ni évolué. Ili uipate, komisyo ya watu watatu ilikuja kwako, ikatazama uma zako, ikapapasa mashuka yako, kisha ikaingia bafuni kuona unaogaje. Na wanaume wazima wenye ndevu walikubali. Hata walibembeleza.

Mwaka alioiomba kadi hiyo, mama yangu alikuja kukaa kwetu kutoka kaskazini. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya lori la mihogo, nyonga ya kulia ikafa, akawa mtu wa kutembelea magongo mawili. Choo chetu cha uani kilikuwa shimo na matofali mawili ya kukanyagia, na mama hakuweza kuchuchumaa. Siku za kwanza nilimshikilia mimi kwapani. Alilia bila sauti, si kwa maumivu bali kwa aibu ya kushikiliwa na mtoto wake mahali pale. Nikajiapiza kwamba atapata mahali pa kuingia peke yake na kutoka peke yake.

Tena pasiwe pa mume wangu. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani uso kwa uso. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huingia majanini. Kuoga chumba kimoja, kukuta taulo ya mwenzako imelowa, ni jambo lisilosemeka.

Basi niliamua kumjengea bafu na choo chake uani, nikimtumia mama mwenyewe kama kipimo. Nilimkalisha juu ya matofali, nikaongeza moja moja, mpaka akafikia kimo cha kuinuka bila kuniita. Nikamsimamisha na magongo yake, nikachora ardhini upana wa mlango. Kizingiti sikutaka kabisa. Mlango ufunguke kwa nje, ili akianguka asiuzibe kwa mwili wake. Sakafu ya saruji iachwe na mikwaruzo. Upande wa kushoto, upande wake mzima, ukutani nguzo ya mti mgumu ya kushika. Ndoo ikae juu ya meza ya matofali, asiiname. Fundi mwashi alinicheka.

"Mama, iyi choo ya kuikala, si iko ya bazungu?"

"Iko ya mama yangu," nikamwambia. "Jenga."

Wakati huohuo mume wangu naye alikuwa akijenga bafu ndani ya nyumba, la komisyo. Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia benwari, lile hori kubwa la chuma ambalo wenyewe hulala ndani yake na uchafu wao. Liliingia Katuba juu ya mkokoteni, mume wangu akitembea mbele na tai shingoni, kama anapeleka bibi harusi. Akaliweka katika chumba kilichoinuka, cha ngazi mbili na kizingiti, sakafu nyekundu iliyong'arishwa mpaka inateleza. Ukutani alipachika bomba la maji linalong'aa. Nyuma ya bomba hapakuwa na mfereji wowote. Maji tulichota barabarani kwa ndoo kama majirani wote, na huyo mstaarabu wangu alioga ndani ya karai, kando ya benwari, akiangalia asiirushie matone.

Siku tatu kabla ya komisyo akaja na neno lake.

"Ile kintu ya kule nyuma ibomolewe. Komisyo ikiona mama mukwe iko na bafu yake mbali, batasema tungali basenji, tunashika mambo ya bankambo, ya babu zetu. Évolué anaoga fasi moja na bantu yote ya nyumba yake."

"Na mama ataingia mule namna gani? Ataruka?"

Kuhusu ngazi hakuwa amefikiri, wala siku hiyo hakuanza. Nilikataa kubomoa. Tukabishana mpaka akasema hivi: atawaambia kile kibanda ni nyumba ya kuku, na kwamba mama anaoga ndani pamoja nasi, lakini kadi ikikosekana, atakivunja kwa mikono yake. Alimaanisha, nami nilijua anamaanisha.

Wakaja asubuhi: mzungu wa serikali, padri mmoja, na mweusi mwenzetu ambaye kadi alikwisha kuipata na alikuwa akitutazama kama mtu aliyenusa kitu. Uma zikapita. Mashuka yakapita. Bafuni mzungu alifungua bomba. Likatoa sauti kidogo ya kutu.

"Leo maji imekatika," mume wangu akasema.

Mzungu alikuwa na karatasi yenye majina ya watu wa nyumba. Akasoma, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuamrisha, "Mama ya bibi, ye anaoga wapi?"

"Hapa, Monsieur."

"Ita ye. Aje aonyeshe."

Aliniamuru mimi nilipokuwa nimesimama mlangoni. Sikumwita. Lakini mama alikuwa ukumbini, alikuwa amesikia, na mtu wa umri wake alikuwa amefundishwa kwamba mzungu akisema njoo, unakwenda. Tukasikia magongo: ko, ko, ko, yanakuja sebuleni.

Bafu lile lilikuwa na mlango mmoja. Nilimtazama mume wangu. Uso ulimtoka jasho, macho yakatafuta dirisha, dirisha lilikuwa dogo. Ndipo évolué wangu, mwenye koti, tai na kalamu mfukoni, akarukia ndani ya benwari na viatu vyake, akajikunyata humo, akajivutia pazia la maua nililolishona kwa masista. Hiyo ndiyo siku pekee aliyowahi kuingia ndani ya benwari yake.

Mweusi mwenye kadi alielewa papo hapo. Naye alikuwa mkwe wa mtu. Alimgeuzia mzungu kisogo, akakohoa na kuanza kuutazama ukuta kwa bidii.

Mama alifika chini ya ngazi akiwa amejifunika kitambaa usoni. Alijaribu. Aliinua mguu mzima, ule mwingine ukakataa, akayumba, nikamdaka.

"Bwana," akamwambia mzungu, "miye sina mabawa."

Padri alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Mzungu hakucheka, alilifungua pazia kwa ncha ya kalamu, akamtazama mtu aliyekunjamana mle, akaandika. Niliwadharau wote wanne, kila mmoja kwa kipimo chake, na mume wangu nikamwongezea.

Barua ya kukataliwa ilikuja baada ya majuma machache. Aliisoma amesimama, akaenda kwa jirani kuazima sururu, akarudi amevua koti. Nilimkimbilia, nikamshika mkono, akanisukuma. Alikuwa amebakiza hatua kumi hivi kufika kwenye mlango wa mama, sururu begani, na ndani ya bafu mtu akakohoa.

Alikuwa mama. Alikuwa ameniona nikimkimbilia mkwe wake, akaingia, akakaa kwenye matofali yake.

Mume wangu alisimama. Kisha akageuza uso na kurudi nyuma upesi upesi, kama mtu aliyekaribia kukanyaga moto. Alingoja kando ya jiko. Baada ya kitambo akasogea tena, na mama akakohoa tena. Ikawa hivyo mpaka jioni. Mama alikaa mle bila kula, na kila viatu viliposogea alikohoa, taratibu, kikohozi cha mtu ambaye kifua hakimwumi hata kidogo. Giza lilipokaribia sururu ilirudi kwa jirani. Haikuazimwa tena.

Benwari niliitoa uani, nikawa ninaloweka mihogo ndani yake, na mwenyewe hakuthubutu kusema lolote. Kuku walikunywa humo pia, wakifukuzwa kwa Kifaransa.

Mama aliishi miaka mingine saba. Kila asubuhi aliingia mahali pake, akafunga mlango, akatoka amejipaka mafuta, magongo yake mkononi. Sikumshika kwapani tena mpaka siku nilipomwosha akiwa maiti.