Bilauri ya Mgeni

Juzi mjukuu wangu alikuwa akifanya kazi ya shule jikoni, akimimina maji kutoka kwenye chupa nyembamba kwenda kwenye sufuria pana. "Bibi, ona, kama yamepungua, kumbe ni yale yale." Nikamwambia amefanya vizuri, nikatoka nje.

Nilikuwa na umri kama wa mjukuu huyo wakati Adela, binti wa mjomba, alipoletwa kwetu Biharamulo kwa sababu ya vita ya kule mpakani. Nyumba yetu ya kijiji cha ujamaa bado ilinukia nyasi mbichi za paa. Mchana ule mama alipika uji wa mtama uliobaki, akaupima kwa kopo. Kopo moja alilimimina kwenye bakuli langu, jingine kwenye bilauri ya kioo, ile ya wageni. Kengele ya shamba la kijiji ikalia, akachukua jembe akaenda.

Uji wa Adela ulisimama mrefu ndani ya kioo. Wangu ulikuwa umelala chini ya bakuli. Nikaanza kulia kwamba yeye kapewa mwingi.

"Kopo lilikuwa moja," Adela alisema taratibu. "Nimeona."

Nikamwona mwongo, nikazidisha kilio. Akaitazama bilauri yake kidogo, kisha akamimina uji wote kwenye bakuli langu. Niliunywa upesi asije akaghairi, ukiniunguza ulimi, huku nikimsikia akikwangua kioo kwa kidole.

Jioni mama aliporudi, alituuliza kama tulishiba.

"Tulishiba, shangazi," alijibu Adela.