Siku Niliyokumbatia Hotipoti Mbele ya Wakwe

Siku hizi nikifika nyumbani Igamba, watu huziba midomo kwanza ndipo waitikie salamu yangu, nami nimeshazoea, maana afadhali mimi nichekwe, dada yangu aolewe, kuliko niheshimiwe halafu dada yangu abaki jikoni kwa mama ananilaani kila akikoroga ugali. Aibu ninayo, sikatai, tena ni aibu ya mtu mzima mwenye ndevu. Lakini nisikilizeni mpaka mwisho ndugu zangu, kwa sababu jambo lenyewe lilianza kwa nia njema kabisa.

Mimi nafanya kazi Tunduma, naandaa karatasi za mizigo ya malori yanayovuka kwenda Zambia, na nimepanga chumba kwa mzee mmoja mstaafu ambaye sote pale uani tunamwita Babu. Babu anafuga kobe (kabla hamjaniuliza, ana kibali, amekitia kwenye fremu na kukitundika sebuleni karibu na picha yake ya ndoa, na picha ya ndoa ndiyo ndogo). Mwaka huu kobe wake jike alitaga mayai nyuma ya bafu, yakaanguliwa manne, na watoto wenyewe walikuwa wadogo kiasi kwamba ukimweka mmoja kiganjani unaona kama umeshika andazi lenye miguu. Basi Babu akaitwa Mbeya kutibiwa macho, na katika wapangaji wote akanichagua mimi.

"Eze," akaniambia, "yule mkubwa anajimudu. Hawa wadogo adui yao ni baridi. Wakipoa hawali, wasipokula wanafumba macho, na wakifumba macho moja kwa moja, wewe utaniambia nini mimi?"

Nikakubali kuwatunza. Niliwaweka chumbani kwangu ndani ya boksi pana, upande mmoja nikaning'iniza taa ile ya kulelea vifaranga, upande mwingine nikaacha kivuli ili anayeona joto limezidi ajisogeze mwenyewe, na kila asubuhi niliwaogesha kwenye sahani ya maji ya uvuguvugu yasiyovuka kidevu, kisha nawakatia majani ya mchicha na yale magugu laini ya pembeni mwa mtaro. Jamani, mapenzi hayana adabu. Mimi, ambaye hata kuku sijawahi kufuga, nikawa natoka kazini mbio kama mzazi mwenye kichanga, na madereva wa Zambia wakiniuliza nawahi wapi nawaambia, "Nina watoto nyumbani," nao wananipa pole.

Sasa ikafika siku ya wakwe. Dada yangu Upendo, mdogo wangu wa pekee, alikuwa amepata mchumba, Lazaro, kijana mpole wa Isongole kule Ileje, na Jumamosi hiyo ukoo wa Lazaro ulikuwa unakuja rasmi nyumbani kwetu kuleta posa. Baba yetu alishafariki, hivyo mjomba ndiye angesimama kama msemaji, na mimi kaka mtu ilikuwa lazima niwepo, nimevaa koti. Ijumaa mchana transfoma ya mtaa wetu Tunduma ikalipuka, umeme ukapotea, na tulikuwa katikati ya Juni, ule mwezi ambao hata ng'ombe anatoa moshi puani. Ningewaachaje? Nikachukua katoni, nikawapangia majani makavu, nikaweka chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo, Jumamosi asubuhi na mapema nikapanda nao gari mpaka nyumbani.

Mama alinipokea mlangoni, akaona katoni.

"Ezekia, hicho nini?"

"Watoto wa kobe, mama."

"Wa nani?"

"Wa mwenye nyumba wangu."

"Basi mwenye nyumba wako awalaze kwake. Leo nina wageni. Peleka kwenye banda la kuku, na nisiwaone tena ndani ya nyumba yangu." Halafu akamalizia kwa Kinyiha, na mama yangu akishaingia kwenye Kinyiha hapo hakuna rufaa.

Nikaenda bandani. Banda lenyewe upepo unaingia huku unatokea kule, ukungu umetanda mpaka mlangoni, na jogoo akawatazama kobe wangu kama mtu aliyeletewa chakula cha mchana kabla ya saa. Mmoja, yule mdogo kuliko wote, alikuwa tayari amejikunja na kufumba macho. Nikasema hapana. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, mdogo kabisa, ambao hata sasa nikiufikiria nikiwa peke yangu na akili zangu naona ulikuwa na mantiki.

Mama alikuwa ameazima hotipoti kubwa kwa akina mama wenzake wa kanisani, zote za aina moja, zina vifuniko vyekundu, zimepangwa chumbani kwake ili paka asizifikie. Moja ilikuwa tupu. Nikafikiri, kama hotipoti inaweza kutunza joto la wali tangu asubuhi mpaka jioni, itashindwa nini na kobe? Nikaweka chini ile chupa (maji nimeyapunguza moto, sikuwa na nia ya kupika mtu), juu yake taulo, juu yake majani, juu yake kobe wanne, nikarudishia kifuniko nusunusu na kukizuia kwa kijiko kikubwa ili hewa iingie. Nikaiweka juu ya kigoda nyuma ya mlango. Sikumwambia mtu yeyote. Ningemwambia nani?

Wageni wakafika wamechelewa kwa sababu ya ukungu barabarani. Mbele alitangulia mshenga, Mzee Kibona, mrefu, amevaa kofia na koti zito, mtu anayepima neno kabla ya kulitoa. Nyuma yake shangazi yake Lazaro, mama mnene mwenye kitenge cha bluu, kisha wengine. Mazungumzo yakaenda vizuri mno. Mjomba alizungumza kwa mafumbo, mshenga akajibu kwa mafumbo, mimi nikatikisa kichwa pale wengine walipotikisa. Ikatangazwa kwamba kabla ya kutoa jibu la mwisho tule kwanza.

Nikatoroka kidogo kwenda nyuma ya nyumba kuchuma majani ya kobe. Niliporudi na kuingia chumbani, juu ya kigoda hapakuwa na kitu.

Baadaye ndiyo nilikuja kujua kwamba rafiki mmoja wa Upendo, aliyekuwa anasaidia kuandaa meza, alitumwa akachukue kuku. Akaingia chumbani, akaona hotipoti zimefungwa, ila moja imechomekwa kijiko cha kupakulia. Yeye alitumia akili ambayo ningeitumia hata mimi: akachomoa kijiko, akabana kifuniko mpaka kikalia *ka!*, akaibeba.

Nikachungulia kwenye pazia la sebuleni. Hotipoti yangu ilikuwa katikati ya meza, mbele ya Mzee Kibona, kijiko kimelazwa pembeni kwa heshima, na watu wote wamesimama, wameinamisha vichwa, wamefumba macho. Mjomba alikuwa ameanza kuombea chakula.

Mnaomjua mjomba wangu mnajua sala zake. Ameshukuru kwa mvua, akashukuru kwa kahawa, akaombea barabara ya Ileje na wote waipitao, akaombea majirani zetu wa Malawi. Nikapiga hesabu: mgeni mkubwa ndiye hufungua kuku, kwa kuwa firigisi ni yake, sala ikiisha tu, Mzee Kibona atanyoosha mkono. Lakini macho yote yamefumbwa! Nikavua viatu, nikaingia kwa vidole, nikapita nyuma ya shangazi, nikasogea mezani, nikaikumbatia hotipoti kifuani kwa mikono miwili, nikageuka.

"Amina," akasema mjomba.

Jamani. Macho yote yale yakafunguka kwa pamoja, yakamkuta kaka wa bibi harusi mtarajiwa, amevaa koti na soksi (moja imetoboka kidole gumba), anaondoka na kuku wa wageni.

"Ezekia!" mjomba akasema. "Unawapeleka wapi hao kuku?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Badala yake nikasema, "Hawajaiva vizuri, mjomba."

"Hawajaiva?" Hiyo ilikuwa sauti ya mama, akitokea mlangoni, na naapa nilisikia moyo wake ukipasuka. "Nimesimama jikoni tangu alfajiri! Hawajaiva? Lete hapa!"

"Mwacheni kijana," Mzee Kibona akasema kwa upole ulionimaliza kabisa. "Pengine ana njaa."

Mama akanipokonya, akairudisha mezani, akafungua kifuniko mbele ya wakwe ili waone kwa macho yao kama kuku wake hawajaiva.

Kichwa kimoja kidogo kikajitokeza kwenye majani, kikamtazama Mzee Kibona. Shangazi akapiga yowe na kurudi nyuma mpaka kwenye kabati. Upendo, aliyekuwa ameitwa tu kunawisha wageni mikono, akaachia birika na beseni juu ya stuli, akakimbilia chumbani analia. Mzee Kibona akavaa kofia yake polepole.

"Sisi tulikuja kuomba mchumba," akasema. "Kama mmebadili mawazo, mngetuambia kwa mdomo. Kobe ndani ya chakula maana yake ni nini? Kwamba turudi tulikotoka, au kwamba tusubiri miaka?"

"Maana yake ni kusubiri," mmoja wao akasema.

"Hapana, ni kurudi," mwingine akasema. "Kobe hujirudisha kwenye gamba."

Nikafungua mdomo kueleza, na hapo nikamwona yule mdogo. Hakuwa ametoa kichwa. Miguu ilikuwa imelegea, haikujikunja hata nilipomgusa, kwa sababu kifuniko kilikuwa kimebanwa muda wote ule, hewa haikuingia. Sijui aibu ilikwenda wapi. Nilichukua lile birika la maji ya kunawa, nikapima kwa kiwiko, vuguvugu, nikamimina kidogo tu kwenye beseni la wageni, nikamweka ndani huku nimeshikilia kidevu chake juu ya maji, na wale watatu pembeni yake. Nikapiga magoti pale chini na koti langu, nikaanza kuongea bila kumtazama mtu: nikasema ni wa Babu, amekwenda kutibiwa macho, umeme umekatika, nimekatazwa kuwaleta ndani nikawaficha, na niliposema kuku hawajaiva nilidanganya, mama yangu hajawahi kupika kuku mbichi maishani mwake, na kama kuna wa kukataliwa posa hii ni mimi, si Upendo.

Nikasikia kitenge kinachakacha, shangazi akachuchumaa karibu yangu.

"Amekufa?" akanong'ona.

"Sijui, shangazi."

"Mpulizie."

Nikampulizia puani polepole. Tukangoja. Mzee Kibona naye akainama, kofia mkononi tena. Mama akaja, mjomba akaja, ukoo mzima wa Isongole na ukoo mzima wa Igamba tumelizunguka beseni la kunawia. Halafu mguu mmoja wa nyuma ukasukuma maji. Kisha shingo ikatoka, jicho likafunguka, likafumba, likafunguka tena.

Shangazi akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka kwenye mashamba ya kahawa. Upendo akatoka chumbani na macho mekundu kuuliza kuna nini. Na mimi, mtu mzima, nikajifuta machozi kwa mkono wa koti.

"Kaeni," Mzee Kibona akawaambia watu wake. "Kumbe hakuna fumbo. Mama, hao kuku walioiva wako wapi?"

Walikuwa chumbani, kwenye hotipoti ya pili, wameiva mpaka mfupa. Firigisi ikapata mwenyewe, posa ikapokewa, na mama, bila kunitazama, akasogeza jiko la mkaa karibu na mlango ulio wazi na kunionyesha kwa kidole mahali pa kuweka katoni. Ilipofika jioni nilimkuta anawakatia majani ya kabichi. Babu alirudi na macho yake mapya, akawahesabu, akaridhika. Sikumsimulia, amesikia kwa wengine.

Upendo alininunia kwa muda. Siku aliyonisamehe alinipigia simu akasema, "Kaka, kwenye harusi yangu njoo na mke, njoo na marafiki, njoo na hao madereva wako wa Zambia. Ila kitu chochote chenye gamba kibaki Tunduma."

Nimemwahidi. Na ninyi nawaambia bure: ukiwa na kiumbe wa kumlea ndani ya nyumba ya watu, sema mapema, ugombezwe mapema, yaishe. Tangu siku ile nikisikia sala inaanza, mikono yangu naiweka nyuma, na macho nayafumba mpaka amina ya mwisho.