Zamu ya Mguu wa Kushoto

Kumpangia mazoezi mtu utakayekuwa mbele yake si kazi. Akikosea, unamkemea. Kazi ni kumpangia atakayeyafanya peke yake, kwao, mlango umefungwa. Nilidhani nalijua hilo, mpaka nilipopata mteja Mji wa Kale.

Alikuwa bibi mjane, akiishi ghorofa ya juu katika nyumba ya zamani ambayo ngazi zake zimesimama wima. Binti yake alitaka kumhamishia kwake mtaa wa Buxton, akidai ngazi zitamuua mama. Bibi aliapa kwamba hatoki nyumba alimoolewa. Wakapatana: akizipanda zote bila kusimama, binti akitazama, atabaki. Akishindwa, vyombo vifungwe.

Nikampangia mazoezi yenye mizani, kazi niliyojivunia: kusukuma kwa kuvuta, mbele kwa nyuma, kulia kwa kushoto. Nikamrekodia kwenye simu: "Panda daraja la kwanza kwa mguu wa kulia, ushuke, urudie, kisha badilisha." Nikaenda zangu kwa wateja wengine, roho imetulia.

Niliporudi, paja la kulia lilikuwa limekaza kama la mchezaji mpira. La kushoto lilikuwa vilevile nilivyoliacha. Nikachemka.

"Bi mkubwa, si nilikwambia ubadilishe?"

"Nabadilisha, mwanangu. Nikimaliza zoezi hilo, naenda kwa jingine."

"Na mguu wa kushoto?"

Akanitazama kwa huruma. "Mtu haingii nyumbani mwake kwa kushoto. Kushoto ni wa kuingilia chooni."

Mimi mwanamke wa bara, nimelelewa kanisani. Nikaanza kumweleza habari za misuli. Akanisikiliza kwa adabu, akanimiminia kahawa, akakataa. Ngazi ni njia ya kuingia nyumbani, basi. Niliudhika hasa, maana niliona mtu akihamishwa kutoka kwake kwa sababu ya mguu mmoja uliokosa kazi.

Kahawa ikanipeleka msalani. Mlangoni palikuwa na kizingiti kirefu, kile cha kumwangusha mgeni, na kweli nilijikwaa. Nikasimama pale nikicheka peke yangu. Siku hiyohiyo nikarekodi upya: mguu wa kulia ufanye ngazini, wa kushoto ufanye kwenye kizingiti cha choo. Bibi akaupokea mpango huo bila ubishi, kwani kila mguu ulikuwa umepewa haki yake. Ila jirani aliyezoea kuja kupiga soga, kila akiingia alimkuta mlangoni mwa choo, akaanza kumletea dawa ya tumbo.

Siku ya mtihani, binti alisimama juu kabisa. Bibi akaanza kwa kulia, kushoto ukafuata daraja la pili, na hivyo hivyo mpaka mwisho bila kusimama. Nilikuwa nyuma yake nikijizuia nisipige makofi. Binti akaketi pale ngazini akalia. Nikadhani ni furaha.

"Ngazi nilizisingizia tu, mama," akasema. "Tangu watoto waondoke, nyumba yangu imekuwa kimya. Nilitaka ukae nami."

Bibi akajifuta jasho kwa ncha ya leso.

"Si ungesema, mwanangu. Hamia wewe huku, chumba kipo." Kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, na huyu mfunze ngazi."